Fuawe ya Babu Ina Umri Gani? Namna ya Kusoma Miaka ya Chuma cha Urithi

Mzee mhunzi anapofariki na vitu vyake vikagawanywa, nyundo, koleo na patasi hupata wenyewe siku hiyo hiyo, lakini fuawe hubaki pale pale juu ya gogo lake, kwa sababu ni nzito na kwa sababu warithi hawana hakika ni kitu cha namna gani. Baada ya muda maneno huanza. Mmoja husema ni ya Mjerumani, mwingine huapa kwamba ina miaka mia mbili, wa tatu ameona tarakimu ubavuni akazisoma kuwa ni mwaka, na mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita na mizani yake husema hayo yote hayamhusu, yeye analipa kwa kilo. Nimeona kwa masikitiko jinsi fuawe nzuri zinavyoishia kwenye mizani hiyo, wakati nusu siku ya kuzichunguza kwa utulivu ingetosha kuwaonyesha wenyewe walichonacho mkononi.

Tuanze na maneno yenyewe. Fuawe ni kipande kizito cha chuma, na pengine cha jiwe, ambacho mhunzi huweka juu yake chuma kilichopashwa moto ili akifue kwa nyundo. Ile inayotoka kiwandani ina uso, yaani sehemu bapa ya juu inayopokea mapigo. Ina pembe, yaani ncha ya mviringo ya kukunjia vyuma. Ina kisigino, upande wa pili wa uso. Kisha kiuno chembamba na miguu iliyopanuka inayokaa juu ya gogo. Kwenye kisigino mara nyingi pana matundu mawili. Moja ni la mraba, la kuchomekea vifaa vya kukatia na kukunjia, na jingine ni dogo la duara, ambalo mhunzi huweka chuma juu yake anapotaka kukitoboa. Tundu hilo dogo likumbukwe, maana tutalirudia.

Chuma nacho si kitu kimoja. Kuna chuma laini cha kufuliwa, ambacho ndani yake mna nyuzi kama za mkonge na hujipinda kabla ya kukatika. Kuna chuma cha kusubu, ambacho huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Hiki ni kigumu, lakini kikipigwa vibaya humeguka kama kashata. Na kuna pua, ambayo wazee wa pwani waliiita pia feleji, iliyo ngumu na stahimilivu kwa pamoja. Fuawe nyingi za zamani ni za mchanganyiko, yaani mwili wake ni wa chuma laini au cha kusubu na uso wake ni bamba la pua lililounganishwa juu, mfano wa kiatu cha ngozi kilichotiwa soli ya tairi pale tu panapokutana na barabara.

Ubishi mwingi kuhusu umri wa fuawe hutokea kwa sababu watu wanazungumzia umri wa aina tatu kwa neno moja. Kuna umri wa chuma chenyewe, kuna umri wa kitu hicho tangu kilipoanza kuwa fuawe, na kuna umri wake ndani ya familia. Mlango wa kuchonga wa Unguja unaweza kuwa na miaka mia moja na ishirini, ukapachikwa kwenye nyumba iliyojengwa mwaka jana, na nyumba hiyo ikanunuliwa juzi. Atakayeulizwa umri bila kuambiwa umri wa nini atatoa jibu lolote kati ya hayo matatu na asiwe amesema uongo. Vivyo hivyo, bibi anaposema kwamba fuawe ilikuja nyumbani mwaka wa uhuru, na mjukuu akasema ina zaidi ya miaka mia, wote wawili wanaweza kuwa sahihi.

Njia ya kuutafuta umri huo tunaijua tayari kutokana na maisha yetu. Mzee asiye na cheti cha kuzaliwa hukadiriwa umri kwa matukio. Kama mama yake alimbeba mgongoni wakati wa Maji Maji, basi hakuzaliwa baada ya mwaka 1907, na kama kaka yake mkubwa alizaliwa katika mwaka fulani unaojulikana, basi yeye hakuzaliwa kabla ya hapo. Hatupati siku, tunapata mwanzo na mwisho, kisha tunasogeza pande hizo mbili karibu kadiri ushahidi unavyoruhusu. Fuawe huchunguzwa kwa njia hiyo hiyo. Swali la kwanza si “ni ya mwaka gani”, bali ni “haiwezi kuwa ya kabla ya lini, na haiwezi kuwa ya baada ya lini”.

Tarakimu zisizo mwaka

Kosa linalowapotosha wengi zaidi ni lile la tarakimu tatu zilizogongwa ubavuni. Tuchukulie fuawe iliyoandikwa 1 · 1 · 12. Mtu huziunganisha akapata 1112 na kuambia jirani kwamba ameachiwa kitu cha zaidi ya miaka mia tisa. Tarakimu hizo ni uzito, kwa hesabu ya zamani ya Kiingereza, na zinasomeka kirahisi kwa yeyote aliyewahi kupima kwa pishi na kibaba. Kama vile pishi moja ilivyo na vibaba vinne, ndivyo kipimo kikubwa cha Waingereza, handredweti, kilivyogawanywa katika robo nne. Handredweti moja ni ratili 112, na robo yake ni ratili 28. Tarakimu ya kwanza inataja handredweti, ya pili inataja robo, na ya tatu inataja ratili zilizobaki. Fuawe yetu basi ina 112, ujumlishe 28, ujumlishe 12, na jumla ni ratili 152, ambazo ni karibu kilo 69.

Kuna njia mbili za kuthibitisha usomaji huo. Ya kwanza ni kutazama tarakimu zenyewe, kwani ya katikati haiwezi kuzidi 3, kwa kuwa robo ya nne ingekuwa handredweti nzima, na ya mwisho haiwezi kuzidi 27, kwa kuwa ratili 28 zingekuwa robo nzima. Ya pili ni kuipandisha fuawe kwenye mizani ya gunia. Ikionyesha kilo 68 au 69, hesabu imekubali, na hicho kilichopungua kimekwenda na miaka ya mapigo na kumeguka kwa kingo. Ikiwa pana namba moja tu, kwa mfano 75, na mizani ikaonyesha kilo 75, yaelekea fuawe hiyo imetoka Ujerumani au nchi nyingine ya bara la Ulaya iliyokuwa ikitumia kilo. Ikiwa ni 150 na mizani ikaonyesha kilo 68, hizo ni ratili zilizohesabiwa moja kwa moja, na huo ulikuwa utaratibu wa Marekani. Kwa hiyo tarakimu ambazo hazitupi mwaka hutupa nchi, na nchi hutupeleka karibu na mwaka.

Zipo fuawe chache ambazo kweli zina mwaka. Nyingi za Söderfors ya Uswidi ziligongwa mwaka wa kutengenezwa pamoja na jina na uzito. Baadhi ya zile za Fisher, zilizotengenezwa Trenton katika jimbo la New Jersey na kutambulika kwa picha ya tai aliyekamata nanga, zina mwaka uliosubiwa chini ya kisigino, mahali ambapo mtu haoni mpaka apige magoti na kurunzi. Watengenezaji wengine wa Marekani, kama Hay-Budden wa Brooklyn, waligonga kwenye mguu wa mbele namba ya mfululizo, mfano wa namba ya injini ya gari, na watafiti wa vyombo vya uhunzi wamekwisha kupanga namba hizo kwa miaka. Namba ya aina hiyo huonekana haina maana yoyote, na mara nyingi ndiyo inayosema mengi kuliko jina kubwa la ubavuni.

Majina ya nchi na majina ya watu

Kila mtu anayekusanya stempu anajua kwamba iliyoandikwa “Tanganyika” haikuchapishwa kwa ajili ya Tanzania, na kwamba iliyoandikwa “Tanzania” haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1964. Fuawe nazo zinasomeka hivyo. Palipoandikwa WEST GERMANY au WESTERN GERMANY, fuawe ilitengenezwa kati ya 1949 na 1990, na familia inayoamini kwamba iliachwa na maofisa wa Kaiser hapana budi isahihishwe kwa upole. Jina la Czechoslovakia haliwezi kuonekana kabla ya 1918, na herufi za Muungano wa Kisovieti zinaanzia 1922 na kukoma 1991.

Neno ENGLAND linahitaji uangalifu zaidi. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyoanza kutumika katika jambo hili mwaka 1891, iliagiza bidhaa za kigeni ziandikwe nchi zilikotoka, na watengenezaji wa Uingereza waliokuwa wakiuza fuawe nyingi huko wakaanza kugonga neno hilo. Uingereza yenyewe ilikuwa na sheria yake ya alama za bidhaa tangu 1887, na ndiyo iliyoeneza maandishi ya Kiingereza juu ya bidhaa za Ujerumani. Kwa hiyo neno ENGLAND likiwepo, yaelekea fuawe ni ya kuanzia miaka ya 1890. Lisipokuwepo, hatuwezi kusema kwamba ni ya kabla ya hapo, kwa sababu fuawe iliyokuwa ikipelekwa Mombasa au Zanzibar haikulazimishwa na sheria ya Marekani. Kuwepo kwa alama ni ushahidi, lakini kukosekana kwake mara nyingi si ushahidi wa chochote, hasa kwenye chuma ambacho kimepigwa, kimepakwa rangi na kuliwa na kutu.

Majina ya watengenezaji nayo husaidia. Peter Wright wa Dudley ni jina linaloonekana sana, mara nyingi pamoja na neno PATENT na maneno SOLID WROUGHT yaliyopangwa kwa duara, yakimaanisha kwamba mwili ni wa chuma cha kufuliwa na si cha kusubu. Karakana ya Mousehole ya Sheffield ilitia alama ya panya, na kwa kuwa ilifungwa mwaka 1933, fuawe yake ina mwisho unaojulikana hata pale ambapo mwanzo wake haujulikani. Neno PATENT peke yake si tarehe. Lilimaanisha tu kwamba mtengenezaji alidai haki ya ubunifu wake, na liliendelea kugongwa kwa miaka mingi.

Mwili unaposema pale alama zilipofutika

Fuawe nyingi za Afrika Mashariki hazina maandishi yanayosomeka, na hapo ndipo inapobidi kuutazama mwili. Lile tundu dogo la duara lilizoeleka kwenye fuawe za Uingereza takriban miaka ya 1830. Ya kabla ya hapo kwa kawaida ina tundu la mraba pekee, kisigino kifupi, pembe ndogo na kiuno kinene. Fuawe ya aina hiyo ikionekana, mwenye nayo anayo sababu ya kumwita mtaalamu. Lakini achunguze kwanza kama tundu halikuzibwa, na kama kisigino hakikuvunjika na kulainishwa, maana fuawe iliyokatika kisigino hupoteza matundu yote na kuonekana ya kale kuliko ilivyo.

Kwenye kiuno na chini ya mwili huweza kuonekana vishimo vya mraba visivyoingia ndani sana. Hivyo havikuwekwa kwa ajili ya mhunzi anayeitumia, bali kwa ajili ya walioitengeneza, ambao walichomeka humo vyuma virefu vya kuishikia na kuigeuza ilipokuwa nyekundu kwa moto. Vikionekana, fuawe ilifuliwa kwa nyundo kubwa, haikusubiwa. Kisha atazame ubavu chini kidogo ya uso, baada ya kuufuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Mstari mwembamba unaokwenda sambamba na uso ni mahali bamba la pua lilipounganishwa na mwili, na ufundi huo ndio uliotawala hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Fuawe isiyo na mstari wowote, ambayo ni pua tupu kuanzia uso hadi miguu, haitarajiwi kuwa ya zamani sana, kwa kuwa pua ilikuwa ghali mno hadi njia ya Henry Bessemer ya mwaka 1856 na zile zilizofuata zilipoishusha bei. Waswidi walisifika kwa kusubu fuawe nzima kwa pua, na Wajerumani katika karne ya 20 walitengeneza nyingine kwa kufua vipande viwili vya pua, cha juu na cha chini, na kuviunganisha kiunoni.

Umbo nalo lina lugha yake, ingawa linaeleza asili zaidi kuliko umri. Yenye pembe moja na ngazi ndogo kati ya pembe na uso ni ya mtindo wa London. Yenye pembe mbili, moja ya mviringo na nyingine ya pande nne iliyochongoka, ni ya mtindo wa Ujerumani na majirani zake. Ni kweli kwamba fuawe ya pembe mbili iliyopatikana Tanga, Morogoro au Tabora inaweza kuwa ilikuja na karakana za enzi ya Mjerumani, kwani reli ya Usambara ilianzwa Tanga mwaka 1893 na reli ya kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914. Lakini fuawe za Kijerumani ziliendelea kuuzwa kwa miongo mingi baadaye, na viwanda vya huko vinazitengeneza hata leo, kwa hiyo umbo peke yake lisibebeshwe mzigo wa tarehe.

Historia hiyo ya karakana inasaidia pia kuweka mwanzo. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa na warsha za kufundishia ufundi Zanzibar tangu miaka ya 1860 na Bagamoyo kuanzia 1868. Reli ya Uganda ilianzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Kisumu mwaka 1901, ikifuatana na mafundi wengi kutoka India. Mashamba ya mkonge yalihitaji wahunzi wa kurekebisha mitambo. Hizo ndizo njia kuu ambazo fuawe za kiwandani ziliingia bara. Dai kwamba fuawe ya kiwandani imekuwa mikononi mwa ukoo wa bara kwa miaka mia mbili lina mlima mkubwa wa kupanda, hata kama fuawe yenyewe inaweza kuwa na umri unaokaribia huo.

Kipande cha reli si kitu cha kudharauliwa

Wengi wa wazee wetu hawakuwa na fuawe ya pembe. Walifulia juu ya kipande cha reli, kama wanavyofanya hadi leo mafundi wa jua kali wa Gikomba, Nairobi, na katika karakana nyingi za Tanzania na Uganda. Warithi huona aibu kukiita fuawe, nami naamini wanakosea, kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ndiyo inayokipa kitu jina lake. Pili, kipande cha reli mara nyingi ndicho chuma rahisi kuliko vyote kukijulia mwaka. Viwanda vilivyotengeneza reli viliiviringisha ikiwa moto kati ya magurudumu yaliyochongwa herufi, na herufi hizo zikabaki zimeinuka ubavuni: jina la kiwanda, uzito wa reli kwa yadi au kwa mita, mwaka, na wakati mwingine mwezi ulioandikwa kwa Kirumi au kwa vijistari.

Ugumu ni kwamba maandishi hayo yalirudiwa kila baada ya hatua kadhaa za reli, na kipande cha urefu wa mkono kinaweza kuwa na nusu ya neno tu. Mtu akipata “19” na sehemu ya tarakimu inayofuata, amepata kitu. Hapa lakini ndipo zile aina tatu za umri zinapotengana waziwazi. Reli ya mwaka 1898 ililala njiani miongo mingi ikipitiwa na treni, ikang’olewa ilipobadilishwa na nzito zaidi, ikakatwa, na ndipo ikawa fuawe. Mwaka ulioandikwa ni mwanzo wa chuma. Ufuawe wake ulianza baadaye, na wakati huo utatajwa na kumbukumbu za watu, si na chuma.

Fuawe za asili

Kuna nyumba ambazo urithi si wa kiwandani hata kidogo, bali ni jiwe gumu lililolainika juu kwa mapigo, au donge la chuma lenye mkia uliochongoka wa kuchomekwa kwenye gogo, ambalo katika maeneo ya maziwa makuu lilifanya kazi ya fuawe na ya nyundo kwa pamoja. Kitu kama hicho hakikuwa chombo cha kazi tu. Rwanda, kaburi la mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa mwaka 1969, zilikutwa humo fuawe za chuma zilizozikwa pamoja naye. Upareni kaskazini, Ugweno, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi na kuheshimiwa kwa uhunzi. Ufipa na Buhaya kulikuwa na tanuri za kuyeyushia chuma, na mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba ufundi wa kuyeyusha chuma magharibi ya Ziwa Viktoria ulikuwapo kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita.

Umbo la fuawe ya asili halitupi tarehe, kwa sababu lilibaki lile lile kwa vizazi vingi. Babu na kilembwe wangeweza kuifua ya namna moja. Tarehe hutoka mahali ilipokuwa, yaani kwenye udongo, kwenye mkaa uliobaki, kwenye mavi ya chuma yaliyotupwa kando ya tanuri. Ndiyo sababu anayekuta fuawe ya aina hii ardhini asiing’oe na kuipeleka nyumbani kuisafisha, kwani akiisha kuitenga na udongo wake amefuta ukurasa uliokuwa na jibu. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inavitambua vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 kuwa vya kale vya kulindwa, kwa hiyo swali la umri hapa lina uzito wa kisheria pia, na jumba la makumbusho ndilo mahali pa kuanzia, si soko.

Yanayoaminiwa bila sababu

Kutu nyingi si uzee. Fuawe iliyokaa miaka kumi kwenye hewa ya chumvi ya Tanga au Lamu inaweza kuliwa kuliko iliyokaa miaka themanini ndani ya karakana ya Dodoma. Uso uliobonyea katikati nao si kalenda. Kinu cha nyumba yenye watoto kumi hulika upesi kuliko cha mjane anayeishi peke yake, na fuawe ya karakana ya reli ilipokea kwa mwaka mmoja mapigo ambayo ya kijijini ingeyapokea kwa kumi.

Mlio nao husifiwa kupita kiasi. Inasemwa kwamba fuawe ya kale hulia kama kengele na ya kisasa hunyamaza. Mlio hutegemea aina ya chuma, umbo na jinsi fuawe ilivyofungwa kwenye gogo. Zile za Fisher, zenye mwili wa chuma cha kusubu, zilisifiwa kwa ukimya wao tangu zikiwa mpya. Wapo pia wanaodondosha gololi ya beringi juu ya uso na kutazama inarudi juu kiasi gani. Kipimo hicho ni kizuri, lakini kinapima ubora wa uso, na uso bora upo wa juzi na wa zamani.

Wengine hutaka fuawe ipelekwe maabara ikapimwe kwa kaboni. Kipimo hicho hufuata kaboni ya kitu kilichowahi kuishi, ambayo sehemu yake hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730. Chuma kingi cha viwanda kiliyeyushwa kwa makaa ya mawe, na makaa ya mawe ni mimea iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita, kwa hiyo kaboni iliyoingia kwenye chuma hicho ilikuwa imekwisha kuzeeka kupita kiasi cha kupimika hata siku fuawe ilipotoka motoni. Jibu litakalotoka halitahusiana na umri wake. Chuma kilichoyeyushwa kwa mkaa wa miti, kama cha tanuri za Buhaya, ni habari nyingine, na hata hapo wataalamu hupendelea kuupima mkaa wenyewe.

Uvumi unaoniumiza zaidi ni ule wa zebaki nyekundu na mali ya Mjerumani. Watu wamepasua cherehani, redio na pasi za mkaa wakitafuta kitu hicho ambacho hakipo. Mwaka 2009 uvumi kama huo ulipandisha bei ya cherehani kuukuu za Singer nchini Saudia hadi kiwango kisichoaminika. Fuawe haina uvungu. Vile vishimo vya mraba ni vya kushikia, na anayeikata kwa kutafuta kilichofichwa atapata chuma kilichokatwa.

Kabla ya kugusa grenda

Alama zilizofifia husomeka kwa subira. Brashi ya waya ya mkono na mafuta ya taa kidogo vinatosha kuondoa uchafu. Kisha chokaa au unga mweupe upakwe na kufutwa taratibu, ubaki ndani ya michoro. Njia nzuri kuliko zote ni kusubiri giza na kumulika kurunzi kwa ubavu, kwa sababu mwanga unaokuja kutoka pembeni hutia kivuli kwenye herufi ambazo mchana hazionekani. Karatasi nyepesi ikiwekwa juu na kusuguliwa kwa mkaa hutoa nakala ambayo inaweza kuonyeshwa kwa mwingine bila kubeba kilo sabini.

Grenda haifai. Bamba la pua la uso ni jembamba, mara nyingi lisilozidi unene wa kidole, na kulisawazisha ili lipendeze ni kuliondoa. Moto haufai vilevile, kwa kuwa fuawe ikitiwa motoni kuunguza rangi na kutu, uso wake hupoteza ugumu uliopewa na walioitengeneza, na haurudi.

Alama moja zaidi hutafutwa pembeni na zile za mtengenezaji, nayo ni ya mwenye mali. Mshale mpana wenye mistari mitatu inayokutana ni wa serikali ya Uingereza. Herufi K.U.R. ni za reli ya Kenya na Uganda, jina lililotumika kuanzia 1926 hadi reli hizo zilipounganishwa na za Tanganyika mwaka 1948 na kuanza kuandikwa E.A.R. & H., yaani reli na bandari za Afrika Mashariki. Alama hizo si ushahidi wa wizi. Karakana ziliuza vifaa vyake vilivyochakaa, na mafundi wengi walinunua.

Turudi sasa kwenye fuawe yetu ya 1 · 1 · 12. Mizani imetoa kilo 68, ubavuni pana neno ENGLAND, matundu ni mawili, mstari wa bamba unaonekana, na kwenye mguu mmoja pamegongwa K.U.R. Haielekei kuwa ya kabla ya miaka ya 1890, na ilikuwa imekwisha kutengenezwa kabla ya 1948. Sasa aulizwe shangazi mkubwa, maana yeye ndiye aliyekuwa akivuta mivukuto akiwa mtoto: babu aliacha kazi ya reli mwaka gani, aliileta kwa gari la nani, ilikaa chini ya mti gani kabla karakana haijaezekwa? Majibu yake yaandikwe siku hiyo hiyo kwenye karatasi moja na uzito, alama na jina la aliyezisoma, kila jambo likiwa na maelezo ya lilikotoka, chuma au mdomo wa mtu, na karatasi hiyo iwekwe pamoja na hati za mirathi.